Siri ya Nyumba Katika Mashine ya Kazini

Mwezi huu ukurasa wetu wazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi hulidhani kuwa ni la ofisini tu, na kumbe limekwisha kuingia majumbani mwetu. Nalo ni kutumia kompyuta ya kazini kwa mambo ya mtu mwenyewe, na haki ya mwajiri ya kuyaangalia yafanywayo katika kompyuta hiyo. Mke humwandikia mumewe aliye kazini kuwa mtoto ana homa. Ndugu humwandikia nduguye juu ya deni. Mama humwandikia bintiye juu ya watu waliokuja kuposa. Maneno hayo, kabla ya kumfikia aliyeandikiwa, hupita katika mashine isiyokuwa yake, nayo ina mwenyewe. Basi jee, huyo mwenye mashine ana haki ya kuyasoma?

Wako wanaojibu upesi, wakasema: mashine ni ya mwajiri, umeme ni wake, na wakati ameununua kwa mshahara, basi na asome apendavyo. Na wako wanaojibu upesi kwa upande wa pili, wakasema: siri ya mtu ni yake popote alipo, wala mwajiri hana ruhusa ya kutazama kitu chochote. Majibu yote mawili ni mepesi, na yote mawili yana upungufu. Iko kesi moja iliyochukua miaka kumi kabla haijakatwa, na ndani yake mna mafunzo kwa mfanyakazi, kwa mwajiri, na khasa kwa watu wa nyumbani.

Alikuwako mhandisi mmoja katika mji wa Bucharest, nchi ya Romania, aliyeajiriwa na kampuni ya watu binafsi mwaka 2004 kwa kazi ya mauzo. Mwajiri wake alimtaka afungue akaunti ya Yahoo Messenger ili awajibu wanunuzi. Kanuni za kampuni zilikataza kabisa kutumia kompyuta, simu na mashine ya kunakili kwa haja za mtu mwenyewe, na mhandisi huyo alikuwa amezitia sahihi. Mwanzoni mwa Julai 2007 wafanyakazi walipelekewa tangazo kwamba mwenzao mmoja amefukuzwa kwa kosa la namna hiyo. Tangu Julai 5 hata Julai 13 mazungumzo ya mhandisi yule yakawa yananakiliwa. Alipoitwa na kuulizwa, alijibu kwa maandishi kuwa akaunti ile aliitumia kwa kazi tu. Ndipo alipoletewa kurasa 45 za maneno yake mwenyewe, aliyokuwa akiandikiana na nduguye na mchumba wake. Baadhi yake yalikuwa juu ya siha yake, na baadhi yalikuwa ya faragha asiyopenda mtu yeyote kuona mwengine akiisoma. Agosti 1, 2007 alifukuzwa kazi.

Mahakama za nchini kwake zilimpa haki mwajiri. Mhandisi akapeleka mashtaka yake kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, Ufaransa. Huko nako, Januari 12, 2016, majaji sita kwa mmoja walisema hapana haki iliyovunjwa. Lakini kesi ilirudiwa mbele ya baraza kubwa la majaji wa mahakama hiyo hiyo, na Septemba 5, 2017, majaji kumi na mmoja kwa sita waliipindua hukumu ya kwanza. Walisema kuwa mahakama za Romania hazikumlinda mtu huyo katika haki yake ya maisha ya faragha na mawasiliano. Haki hiyo imeandikwa katika kifungu cha 8 cha mkataba wa Ulaya wa mwaka 1950, uliotiwa sahihi wakati ambapo barua zilikuwa za karatasi.

Yafaa tufahamu vizuri hukumu hiyo ilivyosema na isivyosema. Haikusema kuwa mfanyakazi ana ruhusa ya kucheza na intaneti saa za kazi. Wala haikusema kuwa mwajiri asiangalie kabisa. Imesema kuwa amri za mwajiri, hata zikiwa kali namna gani, haziwezi kuyaondoa kabisa maisha ya faragha ya mtu mahali pa kazi. Na ikaweka mambo ya kuulizwa kabla ya kumpa haki mwajiri. Jee, mfanyakazi aliambiwa mbele kwamba ataangaliwa, na akaelezwa ataangaliwa vipi? Jee, kilichoangaliwa ni idadi na saa za mawasiliano tu, au ni maneno yenyewe? Jee, mwajiri alikuwa na sababu ya kweli? Jee, hapakuwa na njia nyepesi zaidi ya kuipata haja yake? Jee, matokeo yake kwa mfanyakazi yalikuwa makubwa kiasi gani? Na jee, palikuwa na kinga ya kumzuia mwajiri asiyasome maneno bila ya mwenyewe kujua?

Na hii haikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo. Mwaka 1997 iliamua kesi ya Alison Halford, aliyekuwa afisa mkubwa wa polisi wa Merseyside, Uingereza, ambaye simu zake za ofisini zilisikilizwa wakati alipokuwa na madai dhidi ya wakubwa wake. Mwaka 2007 iliamua kesi ya mfanyakazi wa chuo kimoja cha Wales, ambaye simu zake, barua pepe zake na matumizi yake ya intaneti yalifuatiliwa bila ya kuonywa. Wote wawili walishinda.

Sasa, wasomaji wetu, tazameni jambo moja katika kesi ya Bucharest. Mhandisi alikuwa amezitia sahihi kanuni. Aweza kuambiwa kuwa alijua alilokuwa akilifanya. Lakini nduguye na mchumba wake walitia sahihi wapi? Hawakuajiriwa na kampuni ile, wala hawakusomewa kanuni yoyote, wala hawakupewa tangazo. Wao waliandika kwa mtu wao, wakidhani maneno yafika kwake peke yake. Hawa ndio watu wa nyumbani, na hawa ndio wasahauliwao kila pazungumzwapo habari za ofisi. Asomaye barua za mfanyakazi husoma na za mkewe, na za mamake, na za rafiki yake aliyemfunulia dhiki yake. Mkataba wa kazi una sahihi mbili tu, lakini siri zilizomo katika mashine ni za watu wengi.

Wengi hawajui mashine hizi zafanya nini, basi tueleze kidogo. Mwenye mtandao wa ofisi aweza kuona ni tovuti gani iliyofunguliwa, saa ngapi na kwa muda gani. Tovuti nyingi siku hizi hufunga maneno kwa hesabu za siri ili aliye njiani asiyasome, lakini jina la tovuti aghlabu huonekana. Na ikiwa kompyuta yenyewe ni ya ofisi, kufunga huko hakumkingi mtu, kwani programu iliyowekwa ndani yake yaweza kupiga picha ya skrini, au kuandika kila herufi ibonyezwayo kabla maneno hayajafungwa. Kufuta orodha ya kurasa ulizozifungua kwaondoa kilichomo katika kompyuta ile tu, wala hakuondoi kilichoandikwa na mashine kuu. Hata simu yako mwenyewe, ukiiunganisha na Wi-Fi ya ofisi, yapita katika mlango ule ule.

Na tangu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowazuia watu majumbani, kompyuta nyingi za kazi zimehamia katika meza za nyumbani. Mchana baba huifanyia kazi ya ofisi, jioni mtoto huifanyia masomo, na usiku mama hutafuta ndani yake habari za ugonjwa anaoona haya kuutaja. Kompyuta ni ile ile, na mwenyewe ni yule yule.

Tukirejea katika dini yetu, twaona kuwa pana amana mbili hapa, si moja.

Amana ya kwanza ni ya mfanyakazi. Wakati aliolipwa si wake, na chombo alichopewa si chake. Yasimuliwa habari za Khalifa Umar bin Abdulaziz kuwa alikuwa akifanya kazi ya umma usiku kwa taa ya hazina; na anapojiwa na mtu kwa mazungumzo ya nafsi yake, huizima taa ile akawasha yake mwenyewe. Mafuta ya taa moja kwa saa moja ni kitu kidogo, lakini khiyana haipimwi kwa kibaba. Basi mtu akae saa mbili za kazi akitazama mpira na mitindo ya nguo, kisha mwisho wa mwezi apokee mshahara kamili, huyo na ajiulize zile saa amezila kwa haki gani. Kumjibu mke aliyeandika kuwa mtoto mgonjwa ni haja, na mwajiri mwenye insafu haikatazi. Kuipoteza asubuhi nzima ni jambo jengine.

Amana ya pili ni ya mwajiri. Qur'ani katika Suratul Hujurat imekataza kupelelezana, na katika Suratun Nur imeamrisha kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu. Na yasimuliwa habari za Umar mwengine, naye ni Sayyidna Umar bin Al-Khattab, kuwa usiku mmoja alisikia sauti za maasi katika nyumba, akapanda ukuta akaingia. Mwenye nyumba hakukana kosa lake. Lakini alimwambia kuwa ikiwa yeye amekosa moja, basi Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlango, na ameingia bila ya ruhusa wala salamu. Umar, pamoja na ukubwa wake, aliikubali hoja hiyo akamwacha. Tazama basi: kosa la aliyemo ndani halikuhalalisha njia ya aliyetoka nje.

Hii ndiyo mizani ya mas-ala yetu. Mwajiri mwenye shaka juu ya mfanyakazi ana milango mingi ya kupitia. Aweza kupima kazi iliyokamilika na isiyokamilika. Aweza kuzifunga tovuti zisizo na haja. Aweza kuhesabu saa bila ya kusoma maneno. Aweza kumwita mtu wake akamuonya. Akiiacha milango yote hiyo akaenda kusoma barua ya mchumba wa mtu, huyo amepanda ukuta. Na mfanyakazi naye asiseme: kwa kuwa napelelezwa, basi nami nitaiba wakati. Khiyana ya mmoja haimpi mwenziwe cheti cha khiyana.

Kwa pande zetu hizi, sheria nazo zimesema. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imelinda faragha ya mtu pamoja na mawasiliano yake na habari za jamaa zake, na mwaka 2019 ikatungwa sheria ya kulinda data za watu. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 ina kifungu cha 16 juu ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Kwa hivyo mwajiri asidhani kuwa kununua kompyuta ni kununua na siri za atakayekaa mbele yake.

Lakini sheria humjia mtu baada ya siri kwisha kutoka. Mhandisi wa Bucharest alishinda, nayo mahakama ikaona hukumu yenyewe yatosha kuwa fidia kwa maumivu ya moyo wake, akapewa euro 1,365 za gharama tu. Na zile kurasa 45 zilikuwa zimekwisha kusomwa.

Basi nasaha yetu kwa kila nyumba ni hii. Mume na mke wakubaliane njia moja ya kupelekeana habari za ndani, nayo iwe simu ya mtu mwenyewe kwa mtandao anaoulipa mwenyewe, wala isiwe anwani ya kazini. Kompyuta ya ofisi iliyoletwa nyumbani ifunguliwe kwa kazi na ifungwe kazi ikisha, na watoto wasiachiwe. Majina ya siri ya benki, picha za jamaa na karatasi za daktari zisiwekwe humo. Mfanyakazi aisome karatasi ya kanuni kabla ya kuitia sahihi, na asipoelewa aulize: mwaangalia nini, nani aonaye, na yawekwa muda gani? Na ambaye Mwenyezi Mungu amemjaalia kuwa na watu chini yake, ayaandike masharti yake kwa lugha wanayoifahamu, awaambie mbele, wala asitafute zaidi ya haja yake.

Nyumba zetu tumezijengea kuta na milango, na mgeni hupiga hodi akangojea aitikiwe. Mashine hizi hazipigi hodi. Basi yatupasa sisi wenyewe, tulio ndani na tulio nje, tuiweke hodi hiyo katika nyoyo zetu.

Mwenyezi Mungu atuwafikie kuzitimiza amana na kusitiriana. Amin.