Neno la Mhariri: Periplus na Mavi ya Chuma

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alifika Misri akauliza Nile inaanzia wapi. Kati ya Wamisri, Walibya na Wagiriki aliozungumza nao, ni karani mmoja tu aliyedai kujua, na Herodotus alimwona anatania. Karne tano baadaye, askari wa Nero, mtawala wa Roma, waliufuata mto huo wakakwama kwenye vinamasi. Maji waliyoyatafuta hutoka Ziwa Victoria pale Jinja, saa chache kwa basi kutoka hapa kwetu Bulumbi, wilayani Busia.

Hata hivyo, Ugiriki na Roma zikitajwa huku Busia na Tororo, wengi husema hayo ni mambo ya Wazungu, au ya seminari na Kilatini chao. Jarida hili halikubali. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Hakungoja kuambiwa kama Kaizari anamhusu.

Tena, Afrika Mashariki imo ndani ya maandishi yenyewe. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyabiashara wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga Periplus, kitabu cha safari za biashara kinachoieleza pwani yetu hadi soko la Rhapta. Anataja pembe za ndovu zilizotoka, mikuki, mashoka na visu vilivyoingia, na manahodha Waarabu waliojua lugha ya wenyeji na kuoa kwao.

Lakini alikomea pwani.

Anayesoma Periplus peke yake atadhani chuma kililetwa na jahazi. Wakati huohuo, kandokando ya Ziwa Victoria, wafinyanzi wa vyungu vya Urewe, vinavyoitwa kwa jina la mahali huko Siaya, waliishi katika jamii zilizokuwa zikiyeyusha chuma chao zenyewe. Karne nyingi baadaye, wahunzi wa Samia, nchi iliyokatwa na mpaka wa Uganda na Kenya, waliwauzia majirani majembe.

Kwa hiyo hoja ya toleo hili ni kwamba maandishi ya kale na udongo wa hapa visomwe pamoja. Periplus haimwambii mwanafunzi wa Bulumbi lolote kuhusu tanuri za bara. Mavi ya chuma, yaani masalia ya uyeyushaji, nayo hayataji bei za Rhapta. Makala zinazofuata zinaanzia Samia, zinashuka pwani, ndipo zinavuka kwenda Aleksandria na Roma.