Kuku Aliyekonda Hastahili Kisu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wasomaji wapenzi, najua wengine mtaangua kicheko mkisoma kichwa hicho hapo juu. Mtasema, ati huyu ameacha kuandika juu ya mitihani na nidhamu, anaandika juu ya kuku! Chekeni tu. Lakini hapa Kola ni nyumba ngapi ambazo pesa ya kalamu, ya sabuni na ya chakula cha mchana shuleni haitoki chini ya mbawa za kuku?

Lalamiko langu ni hili. Mtetea mchanga akianza kukonda, watu wa kwetu humhukumu bila kesi. Ama huchinjwa jioni hiyo hiyo "kabla hajafa bure", ama hufungwa miguu na kuuziwa mwenye pikipiki anayekusanya kuku wa kupeleka Machakos. Hakuna anayeuliza kwa nini amekonda. Mchuuzi mmoja alimtazama mtetea wa mama, akatoa shilingi 150. Dada yake yule kuku, aliyeanguliwa siku moja naye, alitakiwa kwa 600. Hapo nikamwomba mama aniachie yule mnyonge kwa mwezi mmoja. Akasema, "Haya, mchukue. Lakini akikufia mkononi usije ukanililia mimi."

Nilimpeleka dukani akapimwe kwa mizani ya sukari, mwenye duka akiguna. Gramu 650! Na alikuwa na miezi mitano. Dada yake alikuwa amepita kilo moja.

Si lazima uwe na mizani, mwenzangu. Weka kiganja kifuani pa kuku. Mwenye afya ana nyama pande zote mbili za ule mfupa wa katikati. Aliyekonda, mfupa huo umesimama kama mgongo wa kisu. Kisha, na jambo hili wengi hawalijui, mguse gole jioni akienda kulala. Gole ni ule mfuko ulio chini ya shingo, chakula kinapokaa kabla ya kushuka. Likiwa tupu jioni, kuku huyo hali: ama anafukuzwa na wenzake, ama ni mgonjwa hana hamu. Likiwa limejaa na mifupa bado inahesabika, basi yeye anakula na kuna mwingine anayekula ndani yake. Mguse tena alfajiri. Likiwa bado gumu, limeziba, na hiyo ni shida nyingine kabisa.

Wangu alikuwa na gole tupu. Nikakaa uani Jumamosi nzima kumtazama, nikaona mambo. Kila akisogea penye punje anadonolewa kichwani. Kuku wana vyeo, jamani. Ni kama foleni ya githeri pale jikoni shuleni, Kidato cha Kwanza wanavyosukumwa nyuma mpaka sufuria inakwaruza. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alianza kuwachunguza kuku tangu utotoni mwake, na mwaka wa 1922 akachapisha maandishi yanayoeleza jinsi kila kuku anavyojua ni nani anaweza kumdonoa na ni nani hathubutu kumgusa. Kwa hiyo kumwaga mahindi mengi uani hakumsaidii mnyonge. Wanaonenepa ni wale wale wakubwa.

Nilimtenga. Nyanya (sisi twamwita susu) alinipa tenga lake kuukuu, nikalifunika kwa gunia na kuliweka jikoni usiku, maana mwezi wa Julai baridi ya huku kwetu mlimani si ya mchezo. Maji safi kwanza. Halafu uji mzito wa mtama uliochanganywa na omena iliyotwangwa, kidogo kidogo, asubuhi kabla sijatoka kuja shuleni, mchana kwa mkono wa susu, na jioni nikirudi. Kuku aliyeshinda na njaa siku nyingi hafai kushindiliwa. Majani ya kunde nilimfungia juu ayarukie. Na mchwa! Unachukua chungu kilichopasuka mdomo, unakijaza mabua na samadi mbichi, unakifudikiza juu ya tundu la mchwa jioni. Kesho yake kimejaa nyama ya bure. Hiyo nayo ni elimu ya susu. Sikuiona katika kitabu cha Kilimo.

Kando ya macho na kwenye undu wake kulikuwa na viroboto vimeng'ang'ania kama punje za wimbi. Nilivipaka mafuta mazito ya kujipaka, vikakosa hewa, vikafa. Kibanda nikakifagia na kukimwagia jivu. Lakini wiki ya kwanza ilipokwisha alikuwa ameongeza gramu kumi tu, na sasa gole lilikuwa linajaa kila jioni. Mnakumbuka vimelea tuliosoma Kidato cha Pili? Ndio hao. Nilinunua dawa ya minyoo ya kutia majini, nikawapa kuku wote 14 siku moja, kwa sababu mayai ya minyoo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Ukimtibu mmoja, atayaokota tena kesho. Soma maandishi ya paketi ujue ni siku ngapi usile nyama wala mayai yao. Wiki ya tano akafika kilo 1.05, undu umekuwa mwekundu, na ndiye anayewadonoa wengine sasa.

Sasa nifike pale panaponikera zaidi. Katika kibanda chetu kulikuwa na gorogoro mbili za mahindi yaliyoota ukungu, "ya kuku". Hebu ulizeni nyumbani kwenu, nina hakika wengi mtayakuta. Tunafikiri ni hekima: mtu hawezi kuyala, kuku atayala, hakuna hasara. Lakini ukungu huo waweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini, humzuia kuku asikue, na kumfanya ashikwe na kila ugonjwa upitao. Nchini Uingereza mwaka wa 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ghafla. Wataalamu walipofuatilia walifika kwenye chakula chao, kilichotengenezwa kwa karanga zilizoota ukungu kutoka Brazil, na hapo ndipo sumu hiyo ilipojulikana. Tusiseme hayo ni ya Wazungu. Mwaka wa 2004, katika wilaya zetu hizi za Ukambani, zikiwemo Makueni, Kitui na Machakos, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Sisi tulikuwa hatujazaliwa, lakini wazee wetu wanakumbuka. Kupika hakuiondoi. Na sehemu yake yaweza kubaki katika ini la kuku na katika mayai. Yaani yale mahindi tuliyoyakataa mlangoni yanarudi mezani kwa njia ya dirisha! Mama aliyatupa shimoni, shingo upande.

Wapo wanaonipinga, nao nawaheshimu. Jirani aliniambia huwezi kununua dawa kwa ajili ya kuku wa shilingi 150. Hesabu yangu ni hii: dawa shilingi 80, iliyowatosha kuku wote, omena shilingi 50. Mtama ulikuwa wa shambani. Mtetea wa kilo moja ana bei gani sokoni, na akitaga je? Wavulana wa darasani nao wanasema kuku ni kazi ya wasichana. Hao siwajibu. Walipe kwanza madeni ya mandazi.

Wengine huwapa kuku vile vidonge vya rangi mbili vya binadamu, au pilipili, au maji ya kiluma. Kwa pilipili na kiluma sina ugomvi na susu, ila nilimwomba dawa ya minyoo itangulie. Vidonge vya rangi mbili nasema hapana, tena kwa sauti. Haviui minyoo hata mmoja, na tukivitumia ovyo ovyo vijidudu vinavizoea, kisha siku mtoto akiugua kweli dawa haifanyi kazi.

Wala sisemi kila kuku atunzwe mpaka mwisho. Shingo ikipinda, kinyesi kikiwa cha kijani, akihema mdomo wazi, na wa pili akianza vivyo hivyo, huo si unyonge, huenda ni kideri, ugonjwa wa Newcastle, nao hauna tiba. Afisa wa mifugo aitwe, na waliokufa wazikwe shimo refu au wachomwe. Lakini sisi hufanya nini? Tunampigia simu yule yule mwenye pikipiki! Kuku anapanda na ugonjwa wake, anashuka nao soko linalofuata, na wiki mbili baadaye tunashangaa vijiji vizima vimekuwa kimya asubuhi. Kumuuza kuku mgonjwa bila kusema ni kumwuzia jirani msiba, na mimi sioni tofauti yake na wizi.

Chanjo ya kideri ipo, tone moja la jicho kwa kila kuku. Tatizo ni kwamba chupa moja yaweza kutosha hata kuku mia, na ikishafunguliwa haingojei kesho. Mwenye kuku kumi hataki kulipia mia. Basi sisi tunaotembea njia moja kurudi nyumbani tunaweza kuchanga, tuchague Jumamosi moja tukifunga shule mwezi wa Agosti, tupite boma kwa boma. Daftari la majina liko kwa katibu wa Chama. Kufikia leo tuko saba, na kuku wetu tukiwajumlisha ni 83.