Viazi: Nafasi ya Shimo na Shimo

Mvua ndefu za mwezi wa Machi zikaribiapo, mkulima wa Kinangop au Molo huwa na jambo moja la kuamua ambalo halirekebishwi tena mpaka siku ya kuvuna: viazi vyake avipande karibu karibu au mbali mbali? Shamba ni lile lile na jembe ni lile lile, lakini nafasi ya kati ya shimo na shimo ndiyo itakayoamua kama atapeleka sokoni magunia ya viazi vikubwa, au vile vidogo ambavyo muuza chipsi huvitazama akaenda zake.

Kipimo kinachoshauriwa katika Kenya ni inchi 30 kati ya mstari na mstari, na inchi 12 kati ya shimo na shimo, yaani karibu sentimita 75 kwa 30. Kwa kipimo hicho ekari moja huingia mashimo 17,424. Kila shimo likitiwa kiazi cha ukubwa wa yai la kuku, chenye uzito wa gramu 50 hivi, mbegu itakayohitajiwa ni zaidi kidogo ya magunia 17 ya kilo 50. Akipunguza nafasi ya shimo na shimo iwe inchi 9, mashimo yatakuwa 23,232, na mbegu itapita magunia 23. Magunia hayo sita ya nyongeza hutoka mfukoni mwake kabla hajaona hata jani moja. Basi mavuno hayana budi kuyalipa kwanza, ndipo faida ianze kuhesabiwa.

Je, mavuno huzidi? Huzidi, lakini si daima. Mimea ikikaribiana, viazi huwa vingi kwa hesabu, na uzito wa ekari hupanda kidogo. Ikizidi kukaribiana, uzito hausogei tena, kwani mimea hugombea maji, mbolea na mwanga ule ule, na kila kiazi hupata sehemu ndogo tu. Ikiwa mbali mno, viazi hunenepa, pengine vikawa na uwazi katikati, na ardhi iliyo wazi huota magugu.

Lakini kuhesabu mashimo peke yake ni kujidanganya. Punje ya mahindi huota shina moja. Kiazi kimoja chaweza kutoa shina moja au matano, na kila shina huzaa viazi vyake kana kwamba ni mmea mbali. Kiazi kikubwa chenye macho mengi yaliyochipua hutoa mashina mengi. Kilichopandwa kikiwa na chipukizi moja tu kichwani hutoa machache. Kwa hiyo majirani wawili waliopima kwa kamba moja waweza kuvuna mbali mbali. Atumiaye mbegu kubwa na aongeze nafasi, na mwenye mbegu ndogo aipunguze. Chipukizi la kwanza likivunjwa mapema ghalani, macho mengine huamka.

Wako wanaokata kiazi kikubwa vipande ili mbegu itoshe. Kisu hicho hubeba mnyauko kutoka kiazi kimoja mpaka kingine, na akiba ya namna hiyo ni ghali sana.

Akuzaye mbegu ya kuuza ana sababu ya kubana mpaka inchi 8, maana wateja wake wataka viazi vya kadiri ya yai. Lakini hata yeye asiibane mistari. Udongo wa kupandishia matuta hutoka katikati ya mistari, na ukikosekana, viazi huchungulia jua, hugeuka rangi ya kijani, na huwa na sumu.

Mkulima asiyeamini hesabu hizi na apande mistari minne kwa inchi 9 na minne kwa inchi 12, kwa mbegu na mbolea ile ile. Siku ya kuvuna atenge vikubwa na vidogo, apime kila fungu kwa mizani, kisha atoe uzito wa mbegu aliyotia.