MLIPAJI AONYESHWE DAFTARI

Ndugu Wafanyakazi,

Katika kazi yetu ya reli, behewa la mizigo haliondoki stesheni bila hati yake: limebeba nini, latoka wapi, laenda kwa nani. Mtu akisema, "Livuteni tu, msiulize," gadi atakataa. Lakini kwa ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, raia tuliambiwa hivyo hivyo: lipeni, msiulize.

Mikataba ya mkopo wa reli hiyo ilitiwa sahihi mwaka 2014 na Benki ya Exim ya China. Tangu 2013 sisi sote twatoa ushuru wa reli ndani ya bei ya vitu vitokavyo ng'ambo. Hata mfagiaji wa stesheni hulipa, akimnunulia mtoto viatu.

Raia wawili, Bwana Khelef Khalifa na Bibi Wanjiru Gikonyo, waliomba kuiona mikataba wakanyimwa. Wakaenda Mahakama Kuu, Mombasa. Serikali ilijitetea kuwa mikataba yenyewe ina sharti la siri. Tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo aliamua kuwa kuwanyima ni kuvunja Ibara ya 35 ya Katiba, akaamuru karatasi zitolewe. Novemba 2022, serikali ikiwa imekwisha badilika, Waziri wa Uchukuzi, Bwana Kipchumba Murkomen, alitoa mikataba mitatu ya mkopo, si karatasi zote zilizoombwa. Ndani yake tukasoma kuwa ugomvi ukitokea utaamuliwa Beijing, kwa sheria ya China. Neno kubwa namna hii tulifichwa miaka minane!

Wako wasemao serikali haiwezi kuanika kila kitu uwanjani. Ni kweli. Mipango ya jeshi ifichwe, na faili ya ugonjwa wa mtu ifichwe. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yakubali hayo. Lakini sheria hiyo hiyo yasema, faida ya watu wote ikiwa nzito kuliko madhara ya kutoa siri, siri itolewe. Na mpimaji awe mahakama, si yule aliyeficha. Mwenye duka hakagui mizani yake mwenyewe. Tena watu wawili wakiahidiana kunyamaza, ahadi yao haimfungi wa tatu, ambaye ndiye mlipaji.

Basi ndugu, yatupasa kuitumia haki hii. Kila raia aweza kuiandikia ofisi ya serikali akiomba habari, na ajibiwe kabla ya siku 21 kupita. Akinyimwa, apeleke shauri kwa Tume ya Haki ya Utawala. Makatibu wa matawi waandike barua, waweke na nakala. Manung'uniko ya kantini hayafiki mahakamani, barua hufika.

Dawa ya deni ni kulipa. Lakini mlipaji kwanza huonyeshwa daftari.

Wenu katika Chama,
Mfanyakazi wa Reli