Sinema ya Kutisha na Usingizi wa Mtoto

Mtoto akitoka banda la video, akawa anaogopa kwenda chooni nyuma ya migomba usiku, usimcheke wala usikimbilie fimbo. Mwulize aliona nini.

Huenda ni sinema kama "Friday the 13th", iliyotolewa Marekani mwaka 1980. Vijana wanaandaa kambi ya watoto msituni, kando ya ziwa, na wanauawa mmoja mmoja. Iligharimu dola zipatazo 550,000, fedha kidogo kwa sinema ya huko. Damu ile si damu, na shingo inayotokeza mshale ni ya bandia. Fundi wake alikuwa Tom Savini. Mweleze mtoto hayo mchana, naye usiku hofu itampungua.

Lakini kuna la kututisha sisi wazazi. Mwishoni muuaji anajulikana: ni mama, ambaye mwanawe alizama katika ziwa hilo, naye anawalaumu wasimamizi kwa uzembe. Uchungu wake umegeuka kisasi.

Basi, mwenzio akifiwa na mtoto, usimwache tanga likishaanuliwa. Rudi, keti naye, msikilize.