Maoni: Kijana akikubaliwa na vyuo viwili Marekani, jamaa wa Kivu wamsaidie, wasimchagulie

Mwezi wa nne unapofika, simu kati ya Marekani na Kivu hubeba swali ambalo wazazi wengi hawajalizoea. Mtoto aliyetoka hapa akiwa mdogo, akapita kambini Burundi, Uganda au Tanzania, kisha akapokelewa Marekani pamoja na familia yake, sasa anamaliza sekondari. Vyuo viwili vimemkubali, na vyuo vingi vya kule vinangoja jibu hadi tarehe 1 mwezi wa tano. Baba na mama, ambao masomo yao yalikatwa na vita, wanapiga simu Goma, Bukavu au Uvira kumuuliza mjomba: achague kipi?

Mara nyingi mjomba ana majibu mawili tayari: chuo chenye jina kubwa, na faculté ya médecine. Anasema hivyo kwa upendo. Lakini majibu hayo yanaweza kumpoteza kijana.

Ugumu wa kwanza uko kwenye namna ya kusoma. Hapa Congo mwanafunzi anachagua option anapoingia humanités: biochimie, pédagogie au commerciale. Akipata diplôme d'État, anajiandikisha katika faculté moja tangu siku ya kwanza. Vyuo vidogo vya masomo mapana vya Marekani vinaenda njia nyingine. Mwanafunzi anachanganya historia, hesabu, biolojia na lugha, na somo lake kuu analichagua karibu na mwisho wa mwaka wa pili. Kijana anayesema « bado sijachagua » si mvivu. Anafuata utaratibu wa shule yake. Tena, udaktari kule kwa kawaida husomwa baada ya digrii ya kwanza ya miaka minne. Kumlazimisha ataje médecine leo ni kumdai kitu ambacho chuo chenyewe bado hakimuulizi.

Wanaodharau vyuo vya namna hii wakumbuke watu wawili. Kofi Annan wa Ghana, aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alimaliza uchumi mwaka 1961 katika chuo cha Macalester, jimbo la Minnesota. Wangari Maathai wa Kenya, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alipata digrii ya biolojia mwaka 1964 katika chuo kidogo cha Kikatoliki mjini Atchison, Kansas. Udogo wa chuo haukuwafungia njia.

Hata hivyo, vyuo vidogo havifanani. Mfano ni kijana wa familia ya Kikongomani inayoishi Lexington, Kentucky, ambako Wakongomani ni wengi, aliyekubaliwa na Berea na Macalester. Berea iko katika jimbo hilohilo, umbali wa saa moja hivi kwa gari. Chuo hicho hakitozi minerval tangu mwaka 1892, na kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni saa zisizopungua 10 kwa wiki. Kinafundisha pia uuguzi. Macalester iko Saint Paul, mji mkubwa, zaidi ya kilometa 1000 kutoka nyumbani. Uuguzi hakifundishi, lakini kinajulikana kwa kupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi. Anayetaka kuwa muuguzi na kubaki karibu na mama yake ana jibu moja. Anayevutwa na siasa za mataifa anaweza kuwa na jingine. Jina la chuo peke yake halisemi lolote kati ya hayo.

Jambo la pili ni pesa, na hapa wengi wanadanganyika kwa bei iliyotangazwa. Baadhi ya vyuo vinaandika zaidi ya dola 80 000 kwa mwaka, lakini familia yenye mapato madogo haiombwi zote. Chuo kikiandika dola 70 000 na kutoa bourse ya 62 000, kinabakiza 8 000. Kingine kikiandika 40 000 na kutoa 25 000, kinabakiza 15 000. Kile kilichoonekana ghali ndicho nafuu. Halafu barua ya msaada isomwe mstari kwa mstari. Bourse hairudishwi, mkopo unarudishwa pamoja na faida. Barua zinaweza kuweka vyote viwili katika hesabu moja, na mzazi asiyejua Kiingereza vizuri akadhani yote ni zawadi. Kijana ana haki ya kupigia simu ofisi ya msaada wa pesa ya chuo na kuuliza kilicho mkopo ni kiasi gani. Tovuti ya serikali ya Marekani, College Scorecard, inaonyesha bure kwa kila chuo ni wanafunzi wangapi wanamaliza na wanatoka na deni la kiasi gani.

Kuna wanaosema kwamba familia iliyokimbia vita haina nafasi ya masomo mapana. Mtoto apate kazi upesi, atume pesa. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu huku watu wanalala njaa. Lakini kijana anayesukumwa kwenye masomo asiyoyaweza, akaacha katikati na deni mgongoni, hatamtumia mtu chochote. Atakayemaliza bila deni kubwa ndiye atakayekuwa na nguvu ya kuwakumbuka jamaa.

Ni juu ya mjomba, shangazi na baba mdogo walioko Kivu kuuliza maswali manne tu: kinachobaki kulipa ni kiasi gani, ndani yake mkopo ni kiasi gani, wanaoingia humo wanamaliza, na unachopenda kinafundishwa? Wakishapata majibu, wamwachie kijana aamue na wambariki, hata akichagua chuo ambacho hawajawahi kukisikia. Na maombi ya pesa yangoje kwanza amalize.