Riwaya Isizikwe Pamoja na Mtihani

Wahenga walinena kwamba elimu haina mwisho. Hata hivyo, katika nchi yetu usomaji wa riwaya ya Kiswahili una mwisho unaojulikana siku yake na saa yake. Ni pale mtahiniwa wa kidato cha nne anapoweka kalamu chini baada ya karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi. Kuanzia hapo kitabu huuzwa, hutupwa au hurithiwa na mdogo wake, naye mwenyewe huenda akafika uzeeni asifungue riwaya nyingine ya lugha hii anayoitumia kila siku sokoni, kazini na nyumbani.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba, mara nyingi, hata hiyo riwaya moja haisomwi. Kinachosomwa ni mwongozo wake, yaani kile kijitabu kinachofupisha matukio sura kwa sura, kisha kikaorodhesha maudhui, wahusika na mbinu za lugha, tayari kwa kukaririwa. Mwanafunzi atakwambia bila kusita kwamba mhusika fulani ni katili, mnafiki na mwenye tamaa. Mwombe akusimulie jinsi ukatili huo ulivyoanza kujitokeza, neno kwa neno na tendo kwa tendo, nawe utamwona ameduwaa. Amesimuliwa utamu wa chungwa ilhali hajalimenya.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, hasara hii mimi huiona kwanza katika sentensi. Tuchukue kiambishi “-ka-” cha masimulizi: akaamka, akatazama, akanyamaza. Vitabu vya sarufi hukieleza kwa mistari michache. Lakini mahali pa kukianzisha, na mahali pa kukikatiza kwa “-ki-” au “-li-” ili tukio moja lisogee mbele na jingine lirudi nyuma, ni maarifa yasiyofundishika kwa kanuni. Hupatikana kwa kuandamana na msimulizi hodari kurasa mia mbili. Kijana aliyelelewa na miongozo pekee huandika insha ambayo kila kitenzi chake kimebeba “-li-”, mithili ya taarifa iliyoandikishwa kituo cha polisi. Kanuni anazijua, ila lugha haijapata kumwingia.

Ndiyo maana katika miezi michache iliyopita nimezisoma, nyingine kwa mara ya pili au ya tatu, riwaya kadhaa za aina na rika mbalimbali, nikitafuta zile ambazo ningeweza kuipendekezea nyumba nzima. Nazitaja hapa kuanzia kwa mtoto hadi kwa mtu mzima.

Mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili apewe Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 2001. Inahusu wavulana wa mashambani wanaoitamani Marekani hata wakataka kuiendea. Ni kitabu chepesi, chenye kicheko, na maadili yake yamo ndani ya hadithi yenyewe badala ya kubandikwa mwishoni kama lebo. Baada ya hapo apewe Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba, ya mwaka 2008, ambayo humzungusha msomaji mdogo katika nchi ya Tanzania kwa njia ya visa na maajabu. Mtoto wa Kakamega au Machakos atakutana humo na maneno ambayo mwalimu wake hakumfundisha. Ayaulizie, nasi wazazi tuyatafute kamusini pamoja naye.

Kwa kijana wa shule ya upili, ningali naamini kwamba Siku Njema (1996), ya Walibora huyo huyo aliyetutoka mwaka 2020, haijapata mpinzani kirahisi. Safari ya Kongowea Mswahili, mwana wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga anayevuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba yake, iliwahi kutahiniwa, na wengi wakaizika pamoja na mtihani huo. Kijana wa leo ana bahati ya kuisoma bila kuogopa swali la alama ishirini.

Wapo wenzangu vyuoni wanaozibeza riwaya za upelelezi na kuziita pendwa, kana kwamba kupendwa ni dosari. Siafikiani nao. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ingali inawakosesha watu usingizi. Maiti inakutwa kwenye mzimu. Wengine wanalo jibu tayari, kwamba hiyo ni kazi ya mizimu. Bwana Msa, mwenye kiko chake, hana jibu, ana maswali. Katika jamii ambayo hadi leo kifo cha jirani huweza kumponza bibi kizee asiye na hatia kwa tuhuma za uchawi, riwaya inayomfunza kijana kutafuta ushahidi kabla ya kuhukumu si ya kubezwa. Watu wazima wanaopenda mambo ya mjini watafurahia Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa. Hiyo isiachwe mezani penye watoto.

Anayependa historia asikose Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi, inayotokana na mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948. Msomaji hujifunza jinsi gunia linavyomlemea mtu, na jinsi mtu huyo anavyopata siku moja kutambua kwamba mzigo wake una historia. Mwandishi huyo huyo alitupa Vuta n’kuvute (1999), kisa cha Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, na cha Denge, mwanasiasa anayewindwa na serikali ya kikoloni. Tazama hata jina lake: ile “n’” badala ya “ni” inatuletea Kiunguja kama kinavyotamkwa barazani. Aliyeitazama filamu iliyotengenezwa na Amil Shivji mwaka 2021 asidhani amemaliza. Lugha ya Shafi imo kitabuni.

Sasa nawageukia wazazi, na hapa ndipo penye uchungu wa hoja yangu. Mwaka 2014 Assumpta K. Matei alitoa Chozi la Heri. Humo tunamkuta Ridhaa, daktari aliyepoteza jamaa zake motoni katika ghasia zilizofuata uchaguzi, akiwa miongoni mwa watu waliofukuzwa makwao na majirani waliokula nao. Hakuna Mkenya asiyeelewa mwandishi alikuwa akikumbuka nini, kwa sababu yale ya mwaka 2007 na 2008 hatujayasahau. Riwaya hii ilisomwa na maelfu ya vijana kwa kuwa iliteuliwa kutahiniwa. Lakini wengi wa vijana hao walikuwa watoto wadogo ghasia hizo zilipotokea. Waliokuwa watu wazima, waliopiga kura, waliokimbia, waliowaficha wenzao, na hata wale waliobeba mienge, hawakutahiniwa, na kwa hiyo hawakuisoma. Tumewaachia watoto wetu kazi ya kuorodhesha athari za ukabila kwa ajili ya alama, ilhali sisi tulioushuhudia hatujakifungua kitabu. Je, nani kati yetu alihitaji zaidi kukisoma?

Vivyo hivyo na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilipotoka mwaka 1971 ilizua mtafaruku Tanzania hata ikazuiwa shuleni kwa muda. Ilidhaniwa kwamba hatari imo katika kumsomesha binti. Kwa maoni yangu, anayepaswa kuisoma kwanza ni baba, yule anayeamini kwamba malezi ni kiboko na kwamba ukali wa nyumbani utamfuata binti yake bwenini na chuoni. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi nayo isomwe na kila anayewania uongozi, kwani Mangwasha anaonyesha ukoo unavyoweza kugeuzwa silaha ya kuwanyima wengine ardhi na heshima.

Hatimaye, kwa anayedhani kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba fikra nzito au za ajabu, ninazo tatu. Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, mtu aliyeonja kizuizini katika miaka ya 1980, inatupeleka sayari nyingine ambayo jina lake linatusuta: wale ni sisi. Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed inamfufua babu aje amhoji mjukuu aliyenenepa kwa jasho la umma. Na Nagona ya Kezilahabi ni kitabu chembamba kinachohitaji kusomwa polepole, kisha kikasomwa tena.

Najua nitaambiwa kwamba vitabu ni ghali na unga ni ghali zaidi. Ni kweli. Lakini sikusema kila nyumba inunue riwaya zote hizi. Nyumba tatu zikishirikiana, kila moja ikanunua riwaya moja kwa muhula, kwa mwaka zitakuwa zimesoma tisa. Maktaba za umma zilizo chini ya kaunti zina wajibu wa kuwa na vitabu hivi rafuni. Tuviulizie, na visipokuwapo tuwaulize wawakilishi wetu sababu.

Kwa walimu nina ombi moja: someni sura ya kwanza kwa sauti darasani, yote, kabla hamjataja neno “maudhui”. Kwa wachapishaji: kitabu teule huwapa faida kubwa, sehemu ya faida hiyo na iende katika kuchapisha upya riwaya ambazo hazimo tena katika orodha ya mitihani, zisije zikatoweka madukani na baadaye katika kumbukumbu.

Na kwa mzazi: mwanao akirudi nyumbani na riwaya, usimwulize kwanza amepata alama ngapi. Mwulize nini kilitokea katika sura ya tatu. Akishindwa kujibu, keti naye muisome.